Nimeambiwa laptopu imekufa, naweza kuifungua na kubadilisha spea mwenyewe nyumbani?

Swali la dada mmoja, nalifupisha: laptopu yake ina miaka sita, inawaka ila inachukua kama dakika tano mpaka itulie, akifungua kurasa tatu nne za intaneti inaganda, chaji haimalizi nusu saa, feni inalia muda wote, na siku hizi tachipedi imekuwa ngumu, haibonyezeki kama zamani. Fundi mmoja alimwambia mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) ndo inakufa bora atafute nyingine. Yeye anataka kuifungua mwenyewe, anauliza kama inawezekana, na kama akinunua ramu (ndo memori ya kufanyia kazi) ya GB 16 tatizo litaisha.

Dada yangu, inawezekana, na kwa maelezo yako sioni mazabodi iliyokufa hapo. Mazabodi ikifa mara nyingi mashine haiwaki kabisa, au inawaka taa tu skrini nyeusi, au inajizima hovyo bila mpangilio. Yako inawaka, inafika kwenye Windows, inafungua intaneti, kwa hiyo ina uhai. Ila kabla ya ramu, kabla ya chochote, turudi kwenye kile kitu ulichokiandika mwishoni kabisa kana kwamba ni kidogo: tachipedi haibonyezeki. Kwangu mimi hiyo ndo sentensi nzito kuliko zote ulizoandika.

Kwenye laptopu nyingi betri imelala chini kabisa ya tachipedi na sehemu ya kupumzishia viganja. Betri hizi za lithiamu zikizeeka, au zikikaa sana kwenye joto huku zimejaa asilimia 100 muda wote, kile kimiminika cha ndani kinaanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi haina pa kwenda manake kila seli imefungwa kwenye mfuko wa foili, basi mfuko unavimba kama mto. Ukivimba unasukuma juu, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni tachipedi. Ndo maana haibonyezeki. Sasa fanya hivi leo: zima laptopu, weka juu ya meza iliyonyooka, ifunge, iangalie kwa pembeni usawa wa macho yako. Je inacheza, yaani miguu yote minne haigusi meza? Je mfuniko wa chini umetuna, au kuna mwanya kwenye ukingo ambao zamani haukuwepo? Kama jibu ni ndiyo hata kwa kimoja, usiichaji tena. Usiibonyeze bonyeze tachipedi ujaribu kuirudisha chini, na usilale nayo kitandani.

Simaanishi uogope kuigusa. Betri iliyovimba haiwi bomu la saa hiyo hiyo, watu wanakaa nazo miezi bila kujua (jambo ambalo linanikosesha raha kila nikilifikiria), ila ikitobolewa au ikikunjwa, ndani kuna vitu vinavyoweza kushika moto wenyewe bila kuhitaji kiberiti. Kwa hiyo ndo kazi yako ya kwanza, na ndo spea yako ya kwanza. Ramu ingoje.

Kabla sijaenda kwenye kufungua, nikueleze ninavyosoma hizo dalili zako nyingine, kwa sababu kosa ninaloliona kila siku kwa watu wanaojitengenezea ni kununua spea kwa kukisia. Mtu anasikia rafiki kaweka ramu laptopu ikawa nyepesi, naye ananunua ramu, anaweka, hakuna kilichobadilika, anasema laptopu haina maana. Ramu haikuwa mgonjwa.

Wewe utampata mgonjwa kwa dakika kumi. Washa laptopu (hii ifanye ukishaitoa hiyo betri, nitakueleza chini jinsi ya kuwasha bila betri), ingia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kidirisha cha Task Manager kikifunguka nenda sehemu ya utendaji (Performance), hapo utaona prosesa, memori (yaani ramu) na diski kila kimoja na asilimia yake. Usifungue kitu kingine, itazame tu dakika tano. Kama diski imeganda kwenye asilimia 100 huku memori iko nusu, basi mgonjwa ni diski. Kama memori imejaa asilimia 90 na kitu na diski nayo imepanda, hapo usihukumu haraka, manake memori ikijaa Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, diski inaonekana mbovu kumbe inabebeshwa mzigo wa ramu. Na kama prosesa ndo iko juu wakati hujafungua kitu, angalia ni programu gani inakula, inaweza kuwa antivairasi mbili zinapigana, au mashine imechemka mpaka ikajipunguza kasi yenyewe.

Hapo hapo kwenye diski soma imeandikwa HDD au SSD. Nadhani yako ni HDD, yaani diski ya zamani yenye sahani inayozunguka. Dakika tano za kuwaka na kuganda kwenye kurasa nne ni tabia yake. Ndani yake kuna mkono unaosogea juu ya sahani kutafuta faili, kama mtu anayetafuta ukurasa kwenye daftari kubwa, na kila safari ya huo mkono inaweza kuchukua zaidi ya milisekunde 10. Windows ikiwaka inaomba vifaili maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika, basi zidisha mwenyewe. SSD haina mkono wala sahani, inachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde 1 kupata faili hilo hilo. Kwa faili kubwa lililonyooka HDD ya laptopu inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika MB 500 na ushee, ya NVMe inavuka 2000 kirahisi (SATA na NVMe ni njia mbili ambazo SSD inaongea na mazabodi). Ila si hizo namba kubwa zinazokufanya uone tofauti, ni ule mkono kutokuwepo. Ndo maana nasema bila kusita, kwa mtu mwenye laptopu ya HDD, spea inayobadilisha maisha ni SSD. Ramu inakuja baada ya hapo kama ina GB 4 tu, na hata hivyo kufika GB 8 au 12 utaisikia zaidi kuliko kutoka 8 kwenda 16, isipokuwa unaedit video au unafungua makurasa mengi sana kwa mpigo.

Kwa hiyo mpangilio wako, kwa jinsi ninavyokusoma: betri, SSD, kusafisha feni na kubadilisha pesti ya prosesa (ule ute unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa), alafu ramu kama kipimo kitasema hivo. Vyote vinne viko ndani ya uwezo wa mtu mwenye mikono iliyotulia na mchana mmoja wa nafasi.

Kuhusu kununua. Usinunue spea kwa jina la laptopu. Jina lililoandikwa juu ya mfuniko linabeba familia nzima, ndani ya jina moja kuna matoleo manne matano, moja ina ramu ya kuchomeka, jingine ramu imechomelewa kwenye mazabodi haitoki. Geuza laptopu, chini kuna kibandiko chenye modeli kamili na namba ya utengenezaji (serial number). Dell, HP na Lenovo wanaweka vitabu vya ufundi vya modeli zao nyingi bure kwenye tovuti zao, ndani kuna picha za kuonyesha skrubu zilipo. Tovuti ya iFixit nayo ina maelekezo ya picha kwa maelfu ya vifaa. Kisome chote kabla ya kushika bisibisi, hata kama kiko kwa Kiingereza picha zinaongea. Na bado, fungua kwanza, soma namba iliyo juu ya spea yenyewe, piga picha, funga, ndo ukanunue. Najua inamaanisha kufungua mara mbili, ni sawa, mara ya pili utafungua bila mkono kutetemeka.

Betri: linganisha namba ya spea, umbo, urefu wa kiwaya chake na upande kilipo, na volti. Kama ya zamani ni volti 11.4 na mpya ni 11.1 zote hizo huwa ni za seli tatu, mara nyingi zinakubaliana lakini fuata kitabu chako, ila ya volti 7.6 au 15 kwenye mashine ya 11.4 usijaribu kabisa. Zile Wh (wati-saa) zilizoandikwa juu ya betri ndo ukubwa wa tenki, zikizidi kidogo na umbo likiwa lile lile hakuna shida. Jihadhari na betri inayojitangaza ina uwezo mkubwa mara mbili ya ya kiwandani ndani ya umbo lile lile, hakuna muujiza huo.

SSD: kuna za inchi 2.5 zinazoingia pale pale HDD ilipotoka, hizo ni SATA, nyembamba milimita 7. Na kuna M.2, kijibao kidogo kama kipande cha ubani, upana milimita 22, urefu unasomwa kwenye namba, 2280 ni milimita 80, 2242 ni 42, 2230 ni 30. Hapa ndo watu wengi wanapotea: M.2 ni umbo tu, ndani ya umbo hilo kuna zinazoongea SATA na kuna zinazoongea NVMe, na soketi nyingine inakubali moja inakataa ya pili. SSD inaingia vizuri, skrubu inakaza, alafu mashine haiioni, mtu anaamini kauziwa mbovu. Kitabu cha ufundi kitakwambia soketi yako inakubali ipi. Baadhi ya laptopu za umri wa yako zina vyote viwili, nafasi ya 2.5 na soketi ya M.2 iliyo tupu, ukiikuta tupu umebahatika, unaweka humo SSD ya Windows na ile HDD inabaki ya kuhifadhia picha.

Ramu: DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya ramu na haziingiliani, kila moja mkato wake uko sehemu tofauti, DDR4 ya laptopu ina pini 260, DDR5 ina 262. Ya miaka sita karibu hakika ni DDR4. Usilazimishe, ikigoma kuingia ina maana siyo yake.

Sasa kufungua. Unahitaji bisibisi ndogo za msalaba namba 0 na namba 00, kwa baadhi ya mashine na ile ya nyota yenye ncha sita T5, kadi ya plastiki iliyoisha muda, pamba au kitambaa kisichotoa nyuzi, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na pesti ya prosesa. Bisibisi ndo usiibanie hela, ya ovyo inakula kichwa cha skrubu na skrubu iliyolika kichwa inaweza kukumalizia siku nzima. Kaa kwenye meza siyo juu ya zulia, vua sweta la sufu, na gusa chuma kikubwa kabla ya kugusa ndani na kila ukiinuka ukirudi, hiyo inaondoa umeme tuli wa mwilini ambao wewe huusikii ila chipu inausikia.

Chukua karatasi, chora umbo la mgongo wa laptopu, kila skrubu unayoitoa ibandike kwa selotepu pale pale ilipotoka kwenye mchoro. Usichukulie hili kama utaratibu wa wanafunzi. Mimi nafanya kazi hii miaka mingi na bado nachora, kwa sababu mwanzoni kabisa niliwahi kurudisha skrubu ndefu kwenye tundu la fupi, chini ya kiganja. Nilisikia inakaza kama kawaida, nikaongeza robo mzunguko, kukawa na mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti. Nikaigeuza. Juu, pembeni ya tachipedi, plastiki ilikuwa imetoa chunusi nyeupe yenye ufa. Laptopu ya mtu, alikuwa anaitunza kuliko hata simu yake. Nilimbadilishia mfuniko mzima kwa hela yangu na nilistahili. Tofauti ya zile skrubu ilikuwa kama milimita tatu tu.

Skrubu zikiisha, mfuniko hautoki wenyewe, umeshikwa na klipu za plastiki kuzunguka ukingo. Angalia kama kuna skrubu zilizofichwa chini ya vile vimiguu vya mpira au chini ya kibandiko, manake ukilazimisha na kuna skrubu moja imebaki utapasua. Ingiza kadi kwenye mwanya karibu na bawaba za skrini, telezesha, utasikia tak tak tak, hizo ni klipu zinaachia, ndo sauti inayotakiwa. Kwa yako, kama betri imevimba, usiingize kadi kwa kina upande wa betri, milimita chache tu inatosha, wala usitumie kitu cha chuma.

Mfuniko ukitoka, kitu cha kwanza, kabla ya kupuliza vumbi, kabla ya kupiga picha ya kumuonyesha mtu, chomoa kiwaya cha betri kwenye mazabodi. Siwezi kulisisitiza hili vya kutosha. Laptopu iliyozimwa siyo laptopu isiyo na umeme, betri inaendelea kulisha sehemu za mazabodi usiku na mchana, bisibisi ikidondoka pabaya ndo hapo mazabodi inakufa kweli. Konekta ya betri nyingine inavutwa kwa kuteleza kuelekea upande wa waya, nyingine inanyanyuliwa juu, tazama vizuri kabla ya kuvuta, sukuma kwa kucha mbili pande zote mbili za plastiki, usivute waya. Ikishatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 20 hivi ili chaji iliyobaki kwenye vijenzi iishe.

Betri yako sasa. Kama imefungwa kwa skrubu, toa skrubu, inyanyue kwa mikono, iweke mbali na vitu vinavyoungua. Iangalie, utaona ile mifuko, isiyovimba ni bapa na ina kona kali, iliyovimba ina tumbo na foili imekakamaa inang'aa. Kama imegandishwa kwa gundi na imevimba, hapo nakuomba usimame. Kubandua betri iliyovimba kwa nguvu inamaanisha kuikunja, na hiyo ndo kazi pekee kwenye orodha yako ambayo ningependa umpelekee fundi mwenye uzoefu. Siku yoyote ukisikia inafoka, ukaona moshi au ukanusa harufu tamu tamu kama ya kemikali, achana na laptopu, toka nje na wenzako. Betri iliyotoka bandika selotepu kwenye konekta yake, iweke kwenye chombo cha chuma nje ya nyumba, na ipeleke wanakokusanya taka za elektroniki. Usiitupe kwenye taka za kawaida, lile gari la taka linakandamiza.

Laptopu nyingi zinawaka bila betri kwa chaja tu. Kwa hiyo betri ikishatoka, funga mfuniko kwa skrubu mbili tatu, chomeka chaja, washa, fanya vile vipimo nilivyosema juu, na ufanye bakapu. Kumbuka umeme ukikatika inazima papo hapo, hivyo usiwe katikati ya kuandika kitu. Bakapu iwe kwenye diski ya nje au flashi kubwa, fungua faili mbili tatu kule kuhakikisha zinafunguka kweli. Na angalia kama diski yako imefungwa na BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda mafaili, laptopu nyingi zinakuja nayo imewashwa bila mwenyewe kujua. Kuna ufunguo wa tarakimu 48, kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi kabla hujabadilisha chochote. Nimeona watu wanalia kwa ajili ya huo ufunguo kuliko kwa spea yoyote.

SSD yenyewe kuiweka ni dakika tano. M.2 unaiingiza kwa mshazari, nyuzi kama 30, mpaka pini za dhahabu ziishe kuonekana, unailaza, unakaza kaskrubu kamoja. Ya 2.5 unatoa HDD na fremu yake, unahamisha fremu, unarudisha. Ramu nayo ni mshazari hivyo hivyo, unaisukuma ndani alafu unailaza mpaka vile vishikio viwili vya pembeni vilie tak. Ikikaa nusu nusu mashine haitawaka, na hii ndo sababu namba moja ya watu kudhani wameua laptopu baada ya kuweka ramu. Itoe, irudishe, sukuma kwa imani zaidi kidogo. Alafu mara ya kwanza baada ya kubadili ramu skrini inaweza kubaki nyeusi dakika moja mbili, hasa DDR5, inajipima. Usiizime, subiri.

Windows una njia mbili, kunakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye SSD au kuweka upya. Mimi kwa laptopu ya miaka sita ninapenda upya. Takataka za miaka yote zinabaki kule kwenye HDD, unarudisha mafaili yako tu. Flashi ya GB 8 inatosha kutengenezea, leseni imeshikamana na mazabodi kwa hiyo ikikuuliza namba unaruka, ukiunganisha intaneti inajitambua yenyewe. Weka 11 kama prosesa yako inakubaliwa, manake msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Feni. Hapa ndo utapata kile ambacho wengi hawakitarajii. Ukitoa feni, tazama pale inapotemea hewa, kwenye yale mapezi membamba ya shaba au alumini. Kwenye laptopu ambayo haijawahi kufunguliwa miaka sita huwa kuna blanketi, siyo vumbi la kupuliza, ni blanketi kabisa la kijivu lenye nywele na nyuzi za nguo, limeziba mapezi mwanzo mpaka mwisho, na ukilishika pembe linatoka kipande kimoja kama kitambaa. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote inasukuma hewa kwenye ukuta, ndo ile kelele unayoisikia. Prosesa nyingi za laptopu zinajipunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 mpaka 100, kwa hiyo lile blanketi linakuibia na kasi pia. Ukipuliza, zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi, inatengeneza umeme tuli.

Ukitoa na ile bomba ya shaba inayokaa juu ya prosesa, skrubu zake mara nyingi zina namba 1, 2, 3, 4 zimechongwa pembeni, legeza kwa kurudi nyuma kwenye namba na kaza kwa kwenda mbele, kidogo kidogo kila moja, ili ikae sawa. Pesti ya zamani itakuwa imekauka kama chaki, ifute kwa alkoholi mpaka kioo cha prosesa kikuonyeshe uso wako. Pesti mpya tone dogo katikati, ukubwa wa punje ya mchele, kama chipu ni ndefu basi kamstari. Nyingi haisaidii, kazi yake ni kuziba vinyweleo tu kati ya prosesa na shaba. Na kamwe usiitoe ile bomba kama huna pesti mpya mkononi.

Kitu kimoja cha kuangalia humo ndani ni zile kebo bapa, za kibodi, tachipedi na taa. Zinashikwa na konekta yenye ulimi mwembamba mweusi au mweupe, ulimi unainuliwa kwa kucha ndo kebo inateleza yenyewe bila nguvu. Ukihisi unavuta, bado hujafungua ulimi. Ulimi ukikatika hauna spea, konekta nzima inachomelewa upya. Waya za wayalesi, ule mweusi na mweupe, zichomoe kwa kunyanyua wima na uziache kama hazikuzuii.

Skrini na kibodi hujaniuliza kwa hiyo nigusie tu. Skrini ya kawaida si ngumu kubadilisha, namba iko mgongoni mwake na kebo ni ya pini 30 au 40, lazima zilingane, na betri lazima iwe imechomolewa kabla ya kugusa kebo hiyo la sivyo fyuzi ya taa ya skrini inaweza kuungua. Kibodi kwenye laptopu nyingi mpya imepigwa riveti za plastiki, unaishia kubadilisha mfuniko wote wa juu, hapo pima kama inalipa.

Kabla ya kukaza skrubu zote, chomeka betri mpya, washa mashine ikiwa wazi chini, tazama feni inazunguka, ramu inasomeka yote, SSD inaonekana, kibodi na tachipedi vinafanya kazi, wayalesi inashika. Ndo uzime, chomoa betri, panga kebo zisibanwe, rudisha betri, funga kwa kufuata ule mchoro wako. Ukimaliza na ukabakiwa na skrubu mkononi, fungua tena ujue ni ya wapi.

Betri mpya ikikaa wiki moja, fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa kujaa wa saivi. Zikipishana sana tangu wiki ya kwanza, irudishe ulikonunua ukiwa na ripoti hiyo. Na kama laptopu yako ina sehemu ya kuzuia chaji isivuke asilimia 80, iwashe ikiwa unakaa kwenye umeme muda mwingi.

Ukishafungua nitumie picha mbili, ya betri upande wenye maandishi na ya mazabodi nzima kwa juu, nikuthibitishie soketi ya SSD kabla hujatoa hela yako. Ila hiyo ya kuangalia kwa pembeni kama imetuna, ifanye leo kabla hujaichomeka kwenye chaji.